Harufu Ngeni Kutoka Hita ya Gari: Dereva wa Zamu Aichunguze Vipi?

Askari anayeondoka Ruharo saa nane za usiku kuelekea Kabale huenda akaianza safari yake madirisha yakiwa wazi. Mbarara, ingawa imeinuka mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, si mji wa baridi kali. Lakini kabla hajazimaliza kilomita mia moja na arobaini na ushei za barabara ile, akiisha kuipita Ntungamo na kuanza kupanda milima ya Rukiga, mkono wake hutafuta swichi ambayo pengine haikuguswa tangu mwaka jana. Madirisha yamepandishwa, kioo cha mbele kimefunikwa na ukungu, na askari wenziwe wamejikunyata nyuma. Hita huwashwa. Pamoja na joto huja harufu.

Wengi wetu tukisikia harufu ngeni ndani ya gari hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hufungua dirisha kidogo na kuendelea na mazungumzo, ama humlaumu abiria. Kwa gari la mtu binafsi, huo ni uzembe utakaomtia mwenyewe hasara. Kwa gari la dola, ambalo leo linaendeshwa na koplo huyu na kesho na yule, lenye askari sita nyuma na pengine mtuhumiwa aliyetiwa pingu, jambo lenyewe ni zito zaidi. Harufu ni taarifa. Hutoka mahali ambapo jicho la dereva halifiki, nayo aghalabu huja siku kadhaa kabla ya chombo kuharibika kabisa. Askari anayejua kufuata nyayo za wezi wa ng'ombe katika nyika za Isingiro hana sababu ya kushindwa kuifuata harufu mpaka inakotoka.

JOTO LATOKA WAPI?

Yafaa kwanza ieleweke kwamba hita ya gari la kawaida si jiko, wala haina moto wake yenyewe. Injini inapofanya kazi hutoa joto jingi kupita mahitaji yake, na maji yanayozunguka ndani yake hulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye redieta, likapozwe na upepo. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwa mipira miwili hadi nyuma ya dashibodi. Huko kuna redieta nyingine ndogo, ukubwa wake kama kitabu kinene. Feni huvuta hewa na kuipitisha katika redieta hiyo, na hewa iliyopashwa moto ndiyo inayotufikia miguuni na kwenye kioo.

Sasa hewa yenyewe huvutwa kutoka wapi? Katika magari mengi hutoka kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia. Hapo ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Matundu hayo yamepakana na chumba cha injini, kwa hiyo kinachoungua au kuvuja chini ya boneti huweza kuvutwa na feni na kuletwa puani mwa dereva, kimechanganyika na joto. Dereva atasema hita inanuka, ilhali hita yenyewe haina kosa lolote. Imeleta tu ujumbe wa mwingine.

Kwa sababu hiyo uchunguzi hauanzi kwa spana. Huanza kwa vidole vya dereva mwenyewe juu ya swichi zake. Magari mengi yana wenzo au kitufe cha kuchagua hewa ya nje au kuizungusha ile ile iliyomo ndani. Funga hewa ya nje kwa dakika chache. Harufu ikipungua, chanzo chake huenda kiko chini ya boneti au barabarani; ikizidi, kitafute nyuma ya dashibodi au katika kapeti. Kisha acha feni ikivuma lakini urudishe joto kwenye baridi. Harufu inayokuja na joto tu na kutoweka pamoja nalo huelekeza kidole kwenye maji ya redieta ndogo. Mwisho zima feni kabisa. Harufu ya kuungua inayokoma mara feni inapozimwa huenda imetoka kwenye feni yenyewe au waya zake.

Jingine la kuzingatia ni wakati. Je, harufu huja gari linapowashwa asubuhi? Huja likipanda mlima, au likiteremka? Au huja liliposimama kwenye kizuizi cha barabara, upepo ukawa haupiti tena kuisukuma nyuma? Dereva anayeweza kuyajibu haya amekwisha kumfanyia fundi nusu ya kazi.

Hapana budi pia kuonya kwamba pua huchoka. Mtu akikaa dakika chache katika harufu ile ile, pua huacha kuitambua, naye huapa kwamba imekwisha. Kwa hiyo dereva asijiamini peke yake. Ashuke, apumue hewa ya nje kwa muda, kisha arudi na kuinusa upya. Au amwite mlinzi wa lango aingize kichwa dirishani. Pua iliyotoka nje hivi punde husema kweli kuliko pua iliyosafiri saa tatu.

HARUFU ZISIZO NA HATARI KUBWA

Hita isiyotumika kwa miezi hukusanya vumbi. Ikiwashwa, vumbi hilo hupata joto na kutoa harufu kama ya kitambaa kilichopigwa pasi ya moto mno. Fungua madirisha, acha feni ivume kwa nguvu, nayo itakwisha baada ya dakika chache. Ikiwa siku ya pili ingali ipo, basi haikuwa vumbi.

Magari yanayokwenda na kurudi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye barabara za udongo za Base Camp, Juru na Rubondo, hulijua vumbi kuliko mengine yote. Makazi hayo, yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yana magari mengi ya huduma na ya ulinzi, na wakati wa kiangazi kila moja huvuta vumbi jekundu siku nzima. Gari lenye chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, hulijaza haraka. Mvua ikinyesha, vumbi lile huloa, na baada ya siku chache gari hutoa uvundo wa nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Huo ni ukungu unaoota ndani ya sanduku la hita na la kiyoyozi. Dawa yake ni kubadili chujio, kuzibua kibomba cha kutolea maji ya kiyoyozi, na kukizima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika huku feni ikiendelea kuvuma, ili ndani pakauke.

Ghala za chakula huleta mgeni mwingine. Panya hupenda gari lililoegeshwa karibu na mahindi na maharage. Hupanda juu ya injini usiku kufuata joto, huingia katika njia ya hewa na kujenga kiota ndani ya feni. Akifia humo, hakuna asiyeijua harufu yake. Hata hivyo askari asicheke na kuishia hapo. Panya aliyejenga kiota kwa magunia na makaratasi ameweka vitu vya kuwaka karibu na waya za umeme, na yamkini ameziguguna waya zenyewe. Sanduku lifunguliwe na waya zitazamwe.

Tena kuna maziwa. Ankole ni nchi ya maziwa, na mkebe mmoja ukipinduka katika gari, maziwa huzama chini ya kapeti ambako kitambaa cha kupangusia hakifiki. Baridi ikiwapo hayasikiki sana. Hita ikipuliza joto sakafuni, gari zima hunuka kama kibuyu kisichofukizwa. Ndugu mmoja tunayemfahamu alibadilisha mipira yote ya hita kwa sababu ya harufu ya namna hiyo, na dawa iliyomfaa ilikuwa kung'oa kapeti na kuliosha kwa sabuni.

Kuhusu vile vikadi vya manukato vinavyoning'inizwa kwenye kioo, mwandishi ana neno moja tu: katika gari la zamu visiwepo. Haviondoi kitu. Hufunika tu, na kinachofunikwa pengine ndicho kilichotakiwa kujulikana.

MAJI YANAPOVUJA

Vitabu vya magari vinavyotoka ng'ambo husema kwamba ukisikia harufu tamu, kama ya sharubati iliyopashwa moto, redieta ya hita inavuja. Ni kweli, maana maji ya redieta katika nchi za baridi huchanganywa na dawa iitwayo ethilini glikoli, ambayo huzuia maji kuganda na hupandisha kiwango cha joto yanachochemkia. Lakini dereva wa kwetu akiungojea utamu huo anaweza kuungojea bure. Magari mengi hapa hujazwa maji matupu ya bomba, au hata ya mto, na maji matupu hayana utamu. Yakivuja hutoa harufu hafifu ya kutu na unyevu tu, ambayo mtu huidhania kuwa ya mvua.

Basi itafutwe alama nyingine. Pangusa kioo cha mbele kwa kidole upande wa ndani. Kama kuna utando unaoteleza kama mafuta, hiyo ni glikoli iliyopulizwa na feni. Kama ni maji matupu, utaona ajabu nyingine: kwa kawaida ukielekeza hewa ya moto kwenye kioo, ukungu huondoka, redieta ya hita ikivuja, ukungu huzidi. Gusa kapeti lililo chini ya dashibodi, hasa upande wa abiria. Maji ya kiyoyozi nayo huweza kumwagika hapo kibomba chake kikiziba, lakini hayo ni safi, hayana rangi wala hayatelezi, na huonekana siku kiyoyozi kilipotumika. Maji ya redieta huwa na rangi ya dawa yake au ya kutu. Hatimaye tazama kiwango cha maji asubuhi injini ikiwa baridi. Maji yanayopungua kila siku, na chini ya gari hakuna hata tone, yanakwenda mahali fulani. Pengine yanakwenda miguuni mwako.

Jambo hili si la kupuuzwa na anayepanda milima. Katika sufuria ya wazi, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi pale Mbarara, na kwa nyuzi 93 hivi Kabale, kwa sababu ya mwinuko. Gari huweza kustahimili joto zaidi ya hapo kwa kuwa kifuniko cha redieta hushikilia mgandamizo wa maji. Mahali panapovuja huupoteza mgandamizo huo, maji huchemka mapema, na injini huungua mlimani, pengine usiku, mbali na kambi. Na kifuniko hicho kisifunguliwe injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile. Maji yaliyobanwa hulipuka kama mvuke, na macho hayana kipuri. Hospitali ya macho iliyopo Ruharo ina wagonjwa wa kutosha.

Kuna ufundi wa njiani ambao mafundi wetu huutumia sana: mipira miwili ya hita hutolewa na kuunganishwa kwa kipande cha bomba, maji yakawa hayaingii tena ndani ya gari. Ufundi huo si kosa. Humfikisha askari kambini na huiokoa injini. Kosa ni kuuacha hapo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Gari hilo sasa halina cha kufuta ukungu kwenye kioo, na atakayelipewa kwenda Kisoro kwa njia ya Kanaba, alfajiri ya mwezi wa Juni, atagundua hivyo akiwa kwenye kona. Tena maji yenye glikoli yanapomwagwa katika chombo yasiachwe wazi, wala yasitiwe katika chupa ya soda. Ni sumu, na utamu wake huvuta watoto na mbwa wa kambi.

MAFUTA NA WAYA

Harufu kali ya mafuta yaliyoungua, inayokuja baada ya kupanda mlima na kuzidi gari linaposimama, mara nyingi ni oili inayodondokea kwenye bomba la moto la ekzosi. Gasketi ya tapeti kava iliyozeeka ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Fungua boneti, utazame kama kuna mafuta yaliyotapakaa ubavuni mwa injini na moshi mwembamba wa rangi ya buluu. Oili kidogo huleta harufu. Oili nyingi juu ya chuma chekundu huleta moto.

Harufu inayokuja kwenye mteremko ni ya breki, na inayokuja gari likihangaika matopeni ni ya klachi. Zote mbili huingia kwa njia ya hita bila kuihusu.

Waya zinazoungua hazingoji. Harufu yake ni kali, ya plastiki, wengine huifananisha na samaki. Zima feni, simamisha gari, zima injini na ukate umeme wa betri, kizima moto kikiwa mkononi. Fyuzi ikiwa imekatika, imekatika kwa sababu. Anayeweka badala yake fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameiondoa fyuzi kazini na kuiachia kazi hiyo waya iliyo ndani ya dashibodi. Harufu ya petroli nayo haina mjadala: gari husimama, watu hushuka, na sigara huzimwa. Na harufu ya yai viza, pamoja na betri iliyo moto au iliyovimba, ni betri inayochajiwa kupita kiasi. Usiisogelee na kiberiti.

MOSHI

Tumeyapitia hayo kwa haraka ili tupate nafasi ya hili. Harufu nyingi zilizotajwa juu humpa dereva muda wa kufikiri. Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari haimpi.

Ndani ya moshi huo mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina ladha, na haina harufu. Kinachonuka katika moshi ni vitu vingine vinavyofuatana nayo. Kwa hiyo harufu ya moshi ni kama vumbi la msafara: ukiliona vumbi, wasafiri wapo. Lakini wasafiri wanaweza kupita pasipo vumbi, hasa usiku, kwa mtu ambaye pua yake imekwisha kuchoka. Injini ya petroli hutoa hewa hiyo kwa wingi, hasa ikiwa baridi. Ya dizeli hutoa kidogo zaidi, lakini haikosi.

Hewa hii huua kwa hila. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katikati ya karne ya 19 kwamba huifukuza oksijeni katika damu. Mskoti John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe, aliivuta yeye mwenyewe katika majaribio yake na kuandika matokeo yake mwaka 1895. Kutokana na kazi yake, wachimbaji walianza kuchukua ndege wadogo migodini, kwa kuwa ndege huanguka kabla ya mtu. Desturi hiyo ilidumu Uingereza mpaka mwaka 1986. Damu hushikana na hewa hii mara 200 na zaidi kuliko inavyoshikana na oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo, kikivutwa kwa saa kadhaa, hujikusanya mwilini. Na kule milimani, ambako oksijeni yenyewe ni chache, mtu huanza safari akiwa na akiba ndogo.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, na usingizi mzito. Sasa mtazame askari aliyekesha siku mbili, hajala, yumo katika gari lenye joto. Dalili hizo zote anazo tayari! Atasema ni uchovu, au njaa, au malaria inamrudia. Tofauti ni hii: malaria haiwashiki watu wanne katika saa moja, wala haiwaachi wanaposhuka kupunga upepo. Watu kadhaa wa gari moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, mshitakiwa ni gari.

Mwandishi wa makala haya alilijifunza hilo nyuma ya pikapu ya kukodi iliyofunikwa turubai, akirudi Mbarara kutoka upande wa Nakivale jioni ya mvua. Tulikuwa watano nyuma. Mmoja alitapika, wawili walilala, na mimi nilihisi kana kwamba kichwa kinapigwa nyundo. Tulilaumu jua la mchana na maji tuliyokunywa. Dereva na mwenzake mbele walikuwa wazima kabisa, nao walituona watu dhaifu. Siku ya pili fundi aliliingia gari kwa chini na kutuonyesha kiungo cha bomba la moshi kilichoachana, kina masizi meusi pande zote, chini kidogo ya mahali tulipokaa. Tulikuwa tumesikia harufu mwanzoni. Baadaye hatukuisikia tena, tukadhani imekwisha.

Jambo la turubai lafaa kuelezwa. Gari linapokwenda huacha nyuma yake nafasi ambamo hewa huzunguka na kurudi, na moshi wa ekzosi huchukuliwa humo. Turubai likifungwa mbele na pembeni na kuachwa wazi nyuma, moshi huvutwa ndani. Ni hivyo hivyo kwa gari la abiria lenye mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba kwa sababu mzigo ni mrefu. Kufungua nyuma peke yake basi si dawa. Hewa lazima ipate njia ya kuingia mbele ili imsukume moshi atoke. Gari la kuchukua washitakiwa lenye kizimba nyuma linastahili uangalifu zaidi ya mengine yote. Mtu aliyemo humo hawezi kufungua dirisha wala kushuka. Akigonga na kulalamika kwamba kichwa kinamuuma na pumzi haitoshi, afande asiharakishe kusema ni ujanja. Maisha yake yako mikononi mwa aliyemfungia.

Wazee watakumbuka Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa mviringo, iliyowahi kushinda mashindano ya Safari, mara ya mwisho mwaka 1962. Injini yake haikutumia maji, kwa hiyo hita yake iliipitisha hewa kandokando ya mabomba yenyewe ya moshi. Bomba likitoboka kwa kutu mle ndani, hita ilipuliza moshi moja kwa moja kwa abiria. Magari hayo ni machache sasa, lakini mwenye nalo aikague hita yake kuliko mwenye gari lolote jingine.

Namna ya kulichunguza gari linaloshukiwa si ngumu. Liwashwe asubuhi mahali pa wazi, injini ikiwa baridi, na mtu asikilize chini ya boneti. Gasketi ya ekzosi iliyokatika hutoa mlio wa kugongagonga haraka, ambao hupungua chuma kinapopata moto na kutanuka. Kisha bomba lote lifuatwe kwa macho hadi nyuma, yakitafutwa masizi penye viungo na sailensa. Sakafu itazamwe: vipo vitundu vya kupitishia waya na nyaya za breki, ambavyo vizibo vyake vya mpira huanguka na hakuna anayevirudisha. Mipira ya milango ya nyuma nayo ikaguliwe.

Na gari zima kabisa nalo huua likitumiwa vibaya. Askari wanaolala ndani ya gari lililosimama, injini ikinguruma ili hita iwape joto, wamejiweka hatarini, hasa ikiwa mdomo wa ekzosi umezama katika tope au majani, au gari liko katika banda. Blanketi na koti vina joto la kutosha. Wala mkaa usisahauliwe. Magunia ya mkaa ambao haukuzimika vizuri, yakipakiwa katika gari lililofungwa, hutoa hewa ile ile; na jiko la mkaa ndani ya hema au kibanda cha mlinzi usiku wa baridi hutoa zaidi.

Aliyekutwa amezimia ndani ya gari atolewe kwenye hewa ya wazi kwanza, injini izimwe na milango yote ifunguliwe, na mwokoaji asikae humo akimpima. Kama hapumui, asaidiwe kupumua, kisha apelekwe hospitali yenye oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne au tano kuipunguza sumu hiyo nusu tu. Akipewa oksijeni tupu kwa kinyago, huchukua saa moja na kidogo. Anayempeleka amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksidi, nacho kitaonyesha kwamba mgonjwa hana neno.

KITABU CHA GARI

Madereva wengi hawaandiki habari ya harufu. Wengine huogopa kuulizwa kwa nini waliharibu gari. Wengine huona aibu kumwandikia mkuu wa usafirishaji neno ambalo haliwezi kupimwa kwa rula. Na atakayelichukua gari usiku huo hulikuta limepoa, madirisha yalikuwa wazi mchana kutwa, na hakuna kinachonuka.

Maneno kama "gari linanuka" hayamsaidii fundi. Kinachomsaidia ni taarifa kama hii, iliyoandikwa kabla funguo hazijabadili mkono: "Harufu ya moshi ndani, upande wa nyuma kushoto. Ilianza baada ya Ntungamo, gari likipanda, hita imewashwa, hewa ya nje imefunguliwa. Ilipungua hewa ya nje ilipofungwa. Askari wawili waliumwa kichwa, wakapona waliposhuka Kabale. Kishindo kidogo chini ya boneti asubuhi injini ikiwa baridi. Gari lisitumike kuchukua watu mpaka ekzosi ikaguliwe." Chini yake tarehe, saa, na sahihi ya dereva.